Barafu Isiyo na Fundi

Kwa miaka ishirini na minane Fundi Baridi alikuwa akitengeneza barafu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona hata kipande kimoja ambacho hakikutengenezwa na mtu. Alipokuwa kijana jambo hilo halikumpitia akilini. Lakini kadiri alivyoukaribia umri wa miaka hamsini na tisa, lilianza kumjia kidogo kidogo, akiwa anavaa mabuti yake ya mpira, akiwa anakunywa chai, akiwa amesimama tu hana hili wala lile. Mahali fulani ipo barafu iliyojigandia yenyewe juu ya mlima, bila kopo, bila kompresa, bila yeye.

Jina la Fundi Baridi alibandikwa na wauza samaki, na alilizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina la kuzaliwa, aligeuka kutazama ni nani mwingine anayeitwa.

Kiwanda kilikuwa jengo refu lenye paa la bati na harufu kali ya dawa ya kupozea. Katikati yake palikuwa na tangi pana kama ukumbi, limefunikwa kwa vifuniko vya mbao. Chini ya mbao hizo yalikuwa maji ya chumvi yenye baridi ya kuuma mifupa, na ndani ya maji ya chumvi yalisimama makopo marefu ya bati, mia mbili na arobaini, kila moja limejaa maji safi. Maji ya chumvi hayakuganda. Yaliyoganda ni yale ya ndani ya makopo, polepole, kuanzia pembeni kuelekea katikati, mchana kutwa na usiku kucha. Kitu cha mwisho kuganda kilikuwa moyo. Ndivyo walivyouita pale kiwandani: moyo wa jiwe, ule mstari mweupe ulio katikati ya kila jiwe la barafu, mahali ambapo hewa hukimbilia inaposongwa na baridi kutoka kila upande na kukosa pa kutokea.

Kazi ya Fundi Baridi ilikuwa kujua kama moyo umeganda. Kipimo chake kilikuwa nyundo ndogo ya mti, mpini wake umelainika kwa jasho na maji. Winchi iliponyanyua kopo na jiwe kuteleza kwenye ubao, aliinama, akaligonga mara tatu, akasikiliza. Jiwe lililo tayari liliita kwa sauti nyembamba iliyokwenda mbali. Jiwe lenye maji moyoni lilijibu kwa sauti iliyozama, kama mtu anayeitikia bila kugeuka.

"Hili la hapa hapa," angesema, na wapakiaji wangelitenga. Jiwe lenye maji moyoni halisafirishwi mbali. Hupasuka njiani, na mteja hufungua gunia akakuta maji na lawama.

Jioni alirudi nyumbani na mikono ya baridi. Hata akivaa glavu, hata akitembea juani, baridi ilimfuata hadi mlangoni, nayo mlangoni ilikuta beseni. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, cherehani yake imekaa dirishani, na tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yao alimwekea beseni la maji ya uvuguvugu juu ya kigoda kando ya mlango. Sheria ilikuwa moja. Kabla ya salamu, kabla ya kukaa, mikono iingie mle.

"Na ole wako mikono hiyo iguse shingo yangu," alimwambia siku ile ya kwanza, alipojaribu mzaha wa bwana harusi mpya. Binti yao alizaliwa, akakua, akaenda shule, akaajiriwa ukarani wa hospitali, na sheria haikubadilika.

Sasa, ndani ya mlango wa kabati lake kazini, Fundi Baridi alikuwa amebandika ukurasa wa kalenda. Kalenda yenyewe ililetwa zamani na muuza vipuri, miezi mingine yote ilikwisha kutupwa, ukabaki Juni peke yake. Juni hiyo ilikuwa na mlima. Kutoka kileleni uliteremka ulimi mpana wa barafu, mweupe juu, wa samawati pembeni, ukashuka, ukashuka, hadi kando ya maporomoko ya maji yaliyojimwaga kwenye bwawa dogo. Pale ulimi ulipogusa ukingo wa bwawa alisimama mwanamke mwenye koti jekundu, ameweka kiganja juu ya barafu kama anayempima mtoto homa. Maandishi madogo chini ya picha yalitaja hifadhi ya taifa iliyokuwa mwendo wa siku mbili kwa basi.

Kwa miaka kumi na tisa, kila alipofungua kabati, ilikuwa Juni. Alivua shati, akaitazama picha, na kwa muda wa kufunga vifungo vitano alikuwa kule. Nyakati nyingine alimwomba yule mwanamke, kwa adabu, asogee kidogo. Mwanamke alisogea, na Fundi Baridi akanyoosha mkono wake. Hapo ndoto ilikatika kila mara, kwa sababu hakujua mkono ungekuta nini. Barafu yake mwenyewe aliijua kama anavyoijua sauti ya mkewe. Hii nyingine ingeweza kuwa kitu chochote.

Basi, mwaka huo tangi likaanza kuvuja. Msimamizi wa kiwanda aliwakusanya na kuwaambia kwamba litamwagwa lote, lichomelewe upya.

"Wiki tatu hakuna barafu," alisema. "Nendeni mkapumzike."

Mwenzake Fundi Baridi wa miaka mingi, mwendesha pampu, ambaye kila mtu alimwita Pampu tu, alifuta mikono kwa tambara. "Wiki tatu. Mimi nitalala, ndugu yangu. Nitalala mpaka mke wangu aanze kupokea rambirambi. Wewe je?"

"Nakwenda kuiona barafu."

Pampu alimtazama, akalitazama tangi, akamrudia. "Geuka. Hiyo hapo nyuma yako."

"Ile isiyo na fundi."

Pampu hakucheka. Naye alikuwa amelifungua kabati lile mara nyingi kuazima sabuni. Alikaa juu ya kifuniko cha tangi, akafikiri. "Basi nitazamie jambo moja. Nitazamie kama nayo ina moyo mweupe. Wauza vinywaji wanatusuta kila siku kwamba mawe yetu yana doa katikati. Kama ya mlimani nayo ina doa, tumepona."

"Nitakuletea kipande ujionee mwenyewe."

"Siku mbili kwenye basi?"

"Maranda ya mbao na magunia mawili."

"Matatu," alisema Pampu, "na usikiweke upande wa injini."

Walilijadili jambo hilo kwa uzito wote, wanaume wawili wazima, kana kwamba wametumwa na serikali.

Jioni hiyo Fundi Baridi alinunua daftari na kuanza kupanga. Alipanga kwa namna aliyoijua, saa kwa saa, kama unavyopangwa mzigo wa barafu. Basi la alfajiri. Kulala njiani. Basi la pili. Kibanda cha wageni karibu na maporomoko, asubuhi mbili. Aliandika kwamba njia ya kwenda bwawani ni ya tambarare, maana alikuwa amekwisha kumuuliza daktari. Kifua chake kilikuwa kimekula hewa kali kwa miaka mingi, na daktari alimruhusu kutembea, akamkataza kupanda milima. Lakini hakuhitaji kupanda. Barafu ilikuwa imeshuka yenyewe hadi bwawani. Alikuwa na ushahidi kwenye kabati.

Mkewe alimsikiliza huku akipitisha uzi kwenye sindano. "Mtu ameishi ndani ya friji miaka yote hii," alisema. "Akipewa likizo, anatafuta friji kubwa zaidi."

"Hii haina umeme."

"Ndiyo maana nashangaa."

Alipokwenda kuoga, mkewe alilivuta lile daftari. Alisoma ukurasa wa vitu vya kubeba kwa umakini aliokuwa akiuweka kwenye vipimo vya mabega na viuno. Nyundo ya mti. Sweta. Magunia matatu. Chupa ya chai, kikombe kimoja. Alikaa na maneno hayo mawili ya mwisho kwa muda. Kisha alichukua chaki ya kuchorea vitambaa, akafuta "kikombe kimoja", akaandika juu yake "vikombe viwili", akalirudisha daftari mahali pake, akaendelea kushona.

Fundi Baridi aliporudi aliliona badiliko lile. Hati ilikuwa ya chaki ya samawati, pana, isiyo na haya.

"Nilidhani hupendi baridi," alisema.

"Sipendi," akajibu mkewe. "Na huko nitakuwa naichukia nikiwa kando yako."

Jumamosi binti yao alikuja, kama kawaida yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kutafuta namba za ofisi za watu, aliipata ya hifadhi. Aliilaza simu juu ya meza, juu ya kitambaa kisichokatwa bado, akaiweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Hifadhini hapa, karibuni," ilijibu sauti ya mwanamume mwenye umri mdogo, upepo ukivuma nyuma yake. Alijitambulisha kuwa askari wa zamu.

Fundi Baridi alifungua daftari na kuuliza maswali yake kwa mpangilio. Njia ya bwawani? Saa moja, tambarare. Maporomoko yapo? Yapo, tena siku hizi yana maji mengi kuliko zamani. Kibanda? Kina nafasi.

"Swali la nne. Naruhusiwa kuchukua kipande?"

"Kipande cha nini, mzee?"

"Cha barafu. Kidogo tu. Nina magunia."

"Hifadhini hakitoki kitu, mzee. Jiwe, ua, unyoya, vyote vinabaki."

"Hata barafu?"

"Hilo sijawahi kuulizwa. Lakini nadhani hata barafu."

Mkewe aligeukia cherehani yake, mabega yakimcheza kwa kicheko. Binti aliuma mdomo.

"Haya," alisema Fundi Baridi, na kwa moyo mzito akapiga mstari juu ya magunia. "Basi nitaigusa tu. Pale bwawani, ulimi unapoishia."

"Bwawani? Mzee, bwawani hakuna barafu."

"Ipo. Kando ya maporomoko, mkono wa kushoto."

"Umeiona wapi?"

"Kwenye picha."

"Picha ya lini?"

Fundi Baridi alifungua kinywa, na kabla ya neno kutoka, alilisikia jibu lake mwenyewe, akaliona lilivyo. "Ya miaka kumi na tisa," alisema taratibu.

Askari wa hifadhi alimweleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Ulimi ule ulirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Pale aliposimama yule mwanamke sasa pana mawe matupu. Barafu inaishia juu kabisa, saa nne za kupanda miamba kutoka bwawani, kwa kamba na kiongozi, na hewa ya huko ni nyembamba. "Una tatizo lolote la kifua, mzee?"

"Ninalo," alisema Fundi Baridi, akalifunga daftari.

Yeye, ambaye aliweza kukuambia jiwe litapoteza pembe zake baada ya saa ngapi juani, ambaye kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kutuma mzigo bila kuhesabu kuyeyuka, alikuwa ameipangia safari barafu ya kwenye karatasi, ambayo haiyeyuki. Aliona aibu ya kitaaluma, aibu ya mshonaji aliyetoka nyumbani na nguo nje ndani.

Lakini alipokaribia kuaga, mazoea yalimshinda. "Kijana," alisema, "ukiigonga, inaliaje?"

"Sijawahi kuigonga. Tunaipima tu. Kila Jumanne napanda kusoma nguzo tulizochomeka, kuona imepungua kiasi gani."

"Siku moja igonge. Kwa mti, si kwa chuma. Chuma kina kelele zake chenyewe. Mara tatu, polepole, halafu usipumue."

"Sawa, mzee," alisema yule askari, kwa sauti ya mtu anayekubali ili kumaliza.

Simu ilipokatwa, Fundi Baridi alikwenda kwenye kigoda cha mlangoni, akaingiza mikono katika beseni, ingawa ilikuwa Jumamosi, hakuwa amegusa kitu chochote cha baridi, na beseni lenyewe lilikuwa tupu.

Jumatatu alimweleza Pampu. Pampu alishika kiuno. "Wewe? Wewe wa kusahau kwamba barafu huyeyuka?"

"Nicheke haraka umalize."

"Sicheki. Hata mimi nilihesabu magunia, sikuhesabu miaka." Alipiga teke dogo kifuniko cha tangi. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na mimi nitalala."

Jumanne hiyo walitoa mawe ya mwisho. Fundi Baridi aliyagonga yote, hata yale ambayo sikio lilishayajua kwa mbali. Jumatano mafundi wa kuchomelea walifungua bomba, na maji ya chumvi yakaanza kuondoka. Kompresa ilizimwa. Ukimya uliojaa jengo lile ulikuwa mpya kabisa, na ndani yake kila tone lilisikika likianguka. Alifungua kabati, akaitazama Juni, akafunga. Hakumwomba yule mwanamke asogee. Hakuwa na hakika kama bado yupo pale, au amebaki peke yake juu ya mawe, mkono umenyooka hewani.

Aliporudi nyumbani na nyundo yake mfukoni, alimkuta binti amekuja moja kwa moja kutoka kazini, sare ya hospitali bado mwilini.

"Baba, kaa. Yule askari ametuma kitu."

"Mikono kwanza," alisema mkewe, na akasubiriwa hadi alipoitoa kwenye beseni na kuifuta.

Binti alibonyeza simu. Kwanza ulisikika upepo, halafu pumzi za mtu aliyepanda muda mrefu. Kisha ile sauti ya kijana, karibu sana, kama ya kunong'ona: "Mzee, niko juu. Natumia fimbo yangu, ni ya mti. Sasa." Yakafuata mapigo matatu yenye nafasi kati yake. Baada ya pigo la tatu hakuna pumzi iliyosikika. Kijana alikuwa ametii.

"Rudisha," alisema Fundi Baridi.

Binti alirudisha. Baba yake alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto kama afanyavyo kazini. Chumba kilimwondoka taratibu, cherehani, dirisha, vitambaa vya samawati. Alikuwa ameinama juu ya jiwe moja kubwa lisilo na kingo, limelazwa juu ya mlima mzima, na aliligonga, nalo likamjibu.

"Lina maji moyoni," alisema.

"Ni vibaya?" aliuliza binti.

"Jiwe la namna hiyo hupasuka; husemi utalishughulikia kesho." Alifumbua macho. "Yapo humo ndani, yanatembea. Nimeyasikia."

Mkewe alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. "Yanatembea kwenda wapi?"

"Yatakwenda wapi? Yanashuka."

"Yanashukia wapi?"

"Kwenye maporomoko."

"Na maporomoko yanamwaga wapi?"

Alimtazama mkewe. "Bwawani."

"Saa moja, tambarare," alisema mkewe, akakata uzi kwa meno. "Mimi nilishafuma sweta yangu mkono mmoja. Sikukusudia kubaki na sweta ya mkono mmoja."

Fundi Baridi alimpigia yule askari mwenyewe, akamshukuru, akamwambia kile alichokisikia. Kijana akasema nguzo zake zilikuwa zikimwambia hivyo hivyo kwa tarakimu, lakini tangu aigonge ile barafu anajihisi kama amebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Halafu akasema jambo jingine.

"Mzee, sikulitaja mwanzo kwa sababu si la uhakika. Kuna asubuhi vipande hukatika huko juu, vikaja na maji hadi bwawani. Vinaelea hapo. Jua likilifikia bwawa, saa tatu hivi, havipo tena. Si kila siku. Wiki nyingine havionekani kabisa. Siwezi kukuahidi."

"Usiniahidi," alisema Fundi Baridi. "Niambie tu jua linaingilia upande gani."

Alifungua daftari ukurasa mpya. Ulikuwa mpango mfupi kuliko wa kwanza, kwa sababu ndani yake palikuwa na kitu kimoja tu cha kuwahi.

Waliondoka siku ya nne baada ya simu hiyo. Basi lilipita kwenye mashamba, kisha kwenye vilima, na mkewe alilala begani kwake huku yeye akihesabu mito waliyoivuka na kujiuliza ni upi kati yake ulioanzia kule juu. Siku ya pili hewa ilibadilika. Abiria walianza kufunga madirisha, na yeye akafungua la kwao kidogo, akavuta pumzi kwa uangalifu wa mtu anayeonja. Ilikuwa hewa ya kiwandani bila ile harufu kali. Mlima uliposimama mbele yao, ulikuwa na weupe wake juu kabisa, kama kofia iliyokuwa kubwa zamani. Aliutafuta ulimi wake, hakuuona. Aliyaona maporomoko yakining'inia kwenye mwamba, meupe, yakianguka polepole kwa sababu ya umbali, na hayakuwa na sauti bado.

Asubuhi ya kwanza waliamka kabla ya jua kugusa miamba, wakafuata njia hadi bwawani pamoja na yule askari, kijana mrefu mwenye aibu. Maporomoko yalinguruma na kunyunyiza unyevu usoni mwao. Bwawa lilikuwa la kijani, safi, tupu. Walikaa juu ya jiwe, wakanywa chai kwa vikombe viwili, cha tatu kikiwa kifuniko cha chupa kwa ajili ya kijana. Mwanga uliteremka kwenye mwamba, mstari kwa mstari, ukaingia majini. Hapakuja kitu.

"Pole, mzee," alisema askari.

"Pole ya nini? Kesho bado ipo."

Lakini njiani kurudi aligeuka mara mbili kulitazama bwawa.

Asubuhi ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa, na walikisikia kabla ya kukiona: kitu kikigonga jiwe polepole, kikirudi, kikigonga tena, kikisukumwa na mawimbi ya maporomoko. Fundi Baridi alisimama. Sauti ile ilikuwa nyembamba na ilikwenda mbali.

"Hilo liko tayari," alisema, kwa sauti ya kazini.

Lilikuwa bonge la barafu, kubwa kama kichwa cha cherehani, limenasa kati ya mawe mawili ukingoni. Alipiga magoti, akakunja mikono ya sweta, akanyoosha mkono. Hapa ndipo ndoto yake ilikuwa ikikatika siku zote, na sasa haikukatika. Mkono ulikuta barafu. Ilikuwa baridi ile ile. Hilo lilimshangaza kuliko kitu kingine chochote, kwamba ilikuwa ngumu vile vile na yenye kuteleza vile vile, kana kwamba yeye na mlima walisomea ufundi kwa mwalimu mmoja.

Alilinyanyua, akaliinua mwangani, akalizungusha akitafuta moyo. Hakuuona. Hewa ilikuwa imetapakaa mote, viputo vidogo visivyohesabika, kila kiputo kimekaa mahali pake. Alilisogeza sikioni na kubaki hivyo.

"Nini?" aliuliza mkewe.

"Inaongea. Sikiliza."

Mkewe aliweka sikio upande wa pili, na kwa muda walisimama hivyo, vichwa viwili na barafu katikati, wakisikiliza hewa ya zamani ikitoka humo kidogo kidogo, tik, tik.

"Kama mafuta yanayoanza kupata moto," alisema mkewe.

Juu yao mwanga ulikuwa umeanza kuteremka mwambani. Yule askari aliutazama, akamtazama mzee, akakohoa. "Mzee, mimi nikigeuka kutazama maporomoko, huwa sioni mambo mengine."

Fundi Baridi alicheka. "Magunia sikuyaleta, kijana."

Aliinama, akalirudisha bwawani taratibu kama anavyolaza jiwe kwenye ubao. Liliyumba, likajipata, likaanza kuzunguka. Hawakungoja kuliona likiisha. Alisimama akiwa ameiweka mikono mbele yake, myekundu, ikitiririka maji, haijui pa kwenda.

"Pampu ataniuliza kuhusu doa," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba sisi tulikuwa tukiisukuma hewa yote mahali pamoja. Mlima hauna haraka hiyo." Aligeuka kuitafuta chupa ya chai, maana alijua mkewe alibakiza maji ya moto kwa ajili hiyo. "Lete, nipashe mikono."

Mkewe hakuileta. Alimkaribia, akaishika mikono ile miwili kwa vifundo, akaishusha kola ya sweta yake, na akaiweka yote miwili juu ya shingo yake. Alishtuka mwili mzima, macho yakamfumba, meno yakagongana.

"Usizoee," alisema, wala hakuiachia.